Mkate wa Nyama na Habari za Mwezi

Nani kawadanganya kwamba mkate wa nyama unaanzia kwenye unga? Mjukuu wangu kaniletea nyinyi wenzake, wote mna vibanda vya mikate pale Misugusugu kando ya barabara. Mmejipanga hapa kwenye mkeka wangu, shikamoo nyingi, kisha mnaniambia, "Bibi, tupe siri ya unga." Nimecheka mpaka nimekohoa. Unga una siri gani? Unga unanunuliwa. Mkate wa nyama unaanzia kwenye nyama, na anayeiharakisha nyama ataumbuka mbele za watu kama nilivyoumbuka mimi. Na msifikiri nilikuwa mtoto siku hiyo. Nilikuwa mtu mzima, mama mkwe wa mtu, nimeoka mpaka mikono imekomaa, watu wananiita fundi. Basi fundi huyo aliona aibu ambayo mpaka leo nikiikumbuka, nikiwa peke yangu jikoni, naona uso unanichoma.

Hayo nitayafikia. Kwanza kazi.

Mimi naitwa Tabu. Kwetu ni hapo hapo Misugusugu, ila wakati huo hapakuwa na vibanda wala taa, ni mashamba ya mihogo na barabara ya vumbi. Niliolewa Kisarawe enzi za Mwingereza, nikiwa sijui hata kukanda unga wa ngano. Nyumbani tulijua ugali, mihogo, na wali siku ya sikukuu. Aliyenifundisha kazi hii ni mama mkwe wangu, Bi Sikudhani, Mungu amrehemu. Yeye ndiye aliyekuwa anaoka mkate wa nyama wa Idi wa mtaa mzima.

Mtaa ulikuwa unafanya hivi. Ramadhani ikikaribia kwisha, kila nyumba inatoa ilichojaaliwa. Huyu analeta unga kutoka duka la Mhindi, yule samli, yule vitunguu, na wanaume wanachangia ng'ombe. Fungu la nyama linakuja kwetu. Asubuhi ya Idi watu wakitoka kuswali wanakuta mikate imepangwa kwenye masinia barazani kwetu, kila mtu na kipande chake, mkubwa kwa mdogo. Hata jirani yetu mwalimu wa shule ya misheni, Mkristo yule, alikuwa anakuja na mke na watoto wamevaa viatu. Nyama haikuwa kitu cha kila wiki, wanangu. Kulikuwa na watu wanaionja Idi mpaka Idi. Kwa hiyo ukiuharibu mkate ule hujaharibu chakula tu, umewaharibia watu sikukuu yao, na hawatasahau.

Sasa shikeni hili. Nyama inakatwakatwa kwa kisu, vipande vidogo kama punje za mahindi. Kusaga mnakosaga nyinyi kunaitoa maji yote, ndiyo maana mikate yenu inalia ukiikata. Inachemshwa na chumvi, ndimu, tangawizi na kitunguu saumu mpaka ikauke kabisa, mwiko ukipita chini usikie unakwaruza. Hapo nyama ikae kando. Nyama iliyochemshwa namna hiyo, ukiipasha tena asubuhi, inavumilia mpaka kesho yake. Lakini ukishaikaanga na vitunguu maji na bizari, ukaifungia ndani ya unga, basi, umeianzishia safari. Kitunguu ndicho kinachochacha kwanza. Mkate wa nyama huoki leo ukala kesho kutwa.

Ukishaikaanga, itandaze kwenye sinia pana ipoe. Sikusema ipungue moto, nimesema ipoe, uiguse kwa mgongo wa mkono usisikie kitu. Nyama ya moto inatoa jasho, jasho linaingia kwenye unga wa chini, na unga ukishalowa kabla ya kuiva hauivi tena. Unaweza kuupalia makaa mpaka juu ukawa mkaa nao, ndani utabaki mbichi. Nimewaambia. Wewe mwenye kofia, umesikia? Haya.

Tanuri hatukuwa nalo. Tulitumia chungu kipana, chini moto mdogo, juu mfuniko wa bati umepaliwa makaa. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini, na yawe ya vifuu vya nazi, maana hayana moshi na yanadumu. Kujua kama joto limefika, unatupa unga kidogo ndani ya chungu. Ukikaa mweupe, bado. Ukigeuka rangi ya karanga iliyokaangwa, tia mkate. Ukiwa mweusi kabla hujavuta pumzi, toa makaa, usilete ubishi.

Hayo ya makaa nililipia. Mwaka wangu wa kwanza Bi Sikudhani alinituma niandae moto, tuoke mkate mmoja wa kujifunzia. Vifuu vilikuwa vichache. Nikaona nyuma ya nyumba lundo la maganda ya korosho, watoto wamebangua wakayaacha. Nikajisemea, haya yana mafuta, yatawaka vizuri. Yaliwaka kweli! Moshi mweusi ulipanda kama tumechoma matairi, macho yakaanza kuwasha, nyumba ya jirani wanapiga chafya, na mikono yangu ikatoka malengelenge. Mkate ukawa mchungu hata mbuzi aliunusa akaondoka. Nilijificha chumbani nalia, nikijua narudishwa kwetu. Bi Sikudhani akaja akakaa pembeni yangu, akanipaka mafuta ya nazi mikononi, akasema, "Tabu mwanangu, mkate huu tungewapa maadui zetu. Shida ni kwamba hatuna maadui wa kutosha kuumaliza." Nikacheka na malengelenge yangu. Ndivyo alivyokuwa yule mama. Hakuwahi kuniumbua.

Tabu ya mkate wa Idi ni mwezi. Nyinyi siku hizi mnatangaziwa redioni, mnalala. Sisi tulikuwa tunatoka magharibi ya siku ya ishirini na tisa, tunasimama pale kilimani tunaangalia upande jua lilikozama, shingo zinauma. Ukionekana, kesho Idi. Usipoonekana, tunafunga siku moja zaidi. Na mwokaji yuko katikati. Akisubiri mno, watu watoke msikitini wakute masinia matupu. Akiwahi mno, mwezi usiandame, ana mikate ya moto siku ya saumu, na kesho yake imechacha. Kwa hiyo nyama inachemshwa mapema, unga unaumuliwa mapema, lakini kitunguu hakigusi nyama mpaka habari ya mwezi ifike.

Na habari yenyewe italetwa na mtu. Hapo ndipo penye kazi.

Kuna kitu inabidi niwaeleze kuhusu wakwe, maana nyinyi mnawaita wakwe zenu kwa majina. Kwetu, ndugu wa mke ni mkwe wa nyumba nzima. Akija anatandikiwa mkeka mpya, maji ya kunawa anashikiwa, na neno lake halirudishwi. Mkwe akisema njiani kuna simba, humwulizi alikuwa wa rangi gani. Ukimwuliza umesema ni mwongo, na ukisema yeye ni mwongo umemwambia binti yao aliyeko kwako kwamba katoka kwa waongo. Atalalaje katika nyumba hiyo?

Sasa mwaka ule, kabla ya vita, mbingu ilikuwa imefunga. Tulisimama kilimani mpaka giza, hatukuona hata nyota. Mwalimu wa msikiti akasema tusubiri, pengine itakuja habari kutoka kwingine. Tumekaa, isha imepita zamani, nasikia kengele ya baiskeli nje. Kaka yangu Shomari! Katoka Misugusugu, jasho linamtiririka, kanzu kaifunga kiunoni.

"Hodi! Shikamoo mama."

"Marahaba mkwe wangu, karibu, karibu." Bi Sikudhani kajifunika kanga kichwani, kainamisha macho kama inavyotakiwa.

"Mama, mwezi umeandama. Kwetu wameuona."

Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, moyo unadunda kwa furaha. Kaka yangu mimi ndiye aliyeleta Idi Kisarawe! Nilimwona Bi Sikudhani amenyamaza kidogo tu, kama mtu anayeonja chumvi. Angeweza kuuliza. Neno moja tu, umeuona wewe? Hakuuliza. Alisema, "Alhamdulillahi. Umefanya vizuri kutukimbilia, mkwe. Tabu, lete vitunguu."

Tukaoka. Alfajiri mikate yote iko tayari, imefunikwa kwa nguo, imepanda vizuri, harufu imejaa mtaa. Ndipo mwalimu alipomwita Shomari msikitini kutoa ushahidi. Akamwuliza, kwa sababu yeye mwalimu kazi yake ni kuuliza, "Umeuona kwa macho yako?" Kaka yangu hakuwa mwongo, maskini. Akasema, "Hapana, nimesikia." Kwa nani? Kwa utingo wa lori lililokuwa linapita barabarani, alining'inia nyuma anapiga kelele, "Idi! Idi kesho!" Utingo wa lori! Watu msikitini wakatazamana. Mwalimu akasema tunafunga.

Wanangu, mmewahi kunusa mkate wa nyama siku ya thelathini ya saumu, asubuhi, ukijua jua la kutwa nzima liko mbele yako? Mtaa mzima ulinusa. Watoto wanalia, wazee wanafunga madirisha. Wanawake waliotoa vitunguu na samli wakaja uani kwetu, na mbele yao jirani yetu Bi Mwajuma, mwenye ulimi mkali kuliko pilipili kichaa. "Ni mkwe gani huyu anayekuja kuchezea nyama ya watu?" anasema kwa sauti, na Shomari yuko barazani anasikia. Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani. Nilijua tangu siku ile nitakuwa dada wa yule aliyeleta mwezi wa utingo.

Bi Sikudhani akatoka. Akasimama mlangoni, mkono kiunoni. "Mkwe wangu kasema alichosikia," akasema. "Wa kusubiri mwalimu ni mimi, na mimi ndiye niliyewasha moto. Nilikuwa na hamu ya Idi. Uzee huu, jamani, unanifanya kama mtoto." Kisha akacheka, na kwa sababu kacheka mwenyewe, wao nao wakacheka, wakamsahau Shomari, wakamgeukia yeye.

Basi wakampa jina. Bi Mwezi. Aliitwa Bi Mwezi mpaka nywele zote zikawa nyeupe. Kila mwaka watoto wanapita nje, "Bi Mwezi, umeuona?" Naye anajibu, "Nimeuona, uko mfukoni mwangu, njooni mchungulie!" Futari ya siku ile watu walikula mikate waliyoweza, iliyobaki asubuhi ikawa inanuka, tukaichimbia shimo mimi na yeye. Idi ile masinia yalikuwa na mkate mtupu, bila nyama. Na Shomari, kila Idi iliyofuata alikuja, akatandikiwa mkeka, akala, akaondoka na furushi la mkate kwa ajili ya mama yetu. Hakuna siku aliyowahi kukumbushwa neno lolote.

Nilidhani nimejifunza kitu pale. Nilijifunza, lakini nilijifunza kipande nilichokitaka. Nilijiambia, Tabu, siku ukishika wewe moto, usiwashe kwa maneno ya mtu.

Miaka ikapita. Vita vilikuja, unga ukawa adimu, tukawa tunachanganya na wa muhogo, mkate unatoka mzito kama tofali na watu wanashukuru. Baada ya vita ikaja hamira ya kopo, tukaachana na kuhifadhi donge la unga uliochacha. Mume wangu akanitengenezea tanuri la pipa, kalilaza kwenye udongo, kalipaka matope, mlango wa bati. Hapo nikaanza kuoka mikate mingi kwa mara moja, na jina langu likatoka. Watu wa boma wananiagiza, harusi wananiagiza. Bi Sikudhani macho yalimpotea, akawa anakaa kitandani karibu na dirisha la uani, ananiambia mkate umeiva kwa kusikia harufu tu. Nikigonga chini ya mkate, yeye kule ndani anasikia mlio, anasema, "Bado huo, rudisha." Na kweli bado.

Mwanangu Athumani akaoa. Mkewe, Mwavita, katoka Zegereni, msichana mwembamba, mpole, mikono myepesi. Kubana kingo za mkate alijua kuliko mimi, alikuwa anazisokota kama anasuka ukili. Nikampenda. Nawaambieni hilo mjue kwamba sikuwa na kinyongo chochote na mtoto wa watu.

Idi yao ya kwanza, mbingu ikafunga tena. Magharibi tumetoka, hatujaona kitu. Nyama nimechemsha, unga umeumuka, vitunguu vimekatwa vinasubiri. Isha imepita zamani. Hodi! Ni Kondo, kaka yake Mwavita, kijana wa miaka yake ishirini hivi. Katoka Zegereni kwa miguu mpaka njia panda, akapata baiskeli ya kuazima, mnyororo ukamkatikia, kamalizia kwa kuisukuma. Vumbi mpaka kwenye kope. Mwavita alikuwa keshamsikia sauti, katoa mkeka mpya, anautandika huku anatabasamu peke yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Mama, mwezi umeandama. Tumeuona."

Na mimi, fundi, nikasimama mlangoni na taa mkononi, sikumkaribisha. Nikamwuliza, "Umeuona wewe, kwa macho yako?"

Alishituka. "Ndiyo mama."

"Ulikuwa na nani?"

"Na wenzangu wawili."

"Mwezi ulikuwa upande gani? Pembe zimeelekea wapi?"

Akajibu. Sauti ilikuwa imepungua. Anafuta uso kwa kiganja, vumbi linakuwa tope. Kutoka ndani nikamsikia Bi Sikudhani, "Tabu, huyo ni mkwe."

"Mama, na hii ni nyama ya watu," nikamjibu. Nikamgeukia Kondo, nikamwambia, "Mwanangu, sisi nyumba hii tuliwahi kuletewa mwezi wa utingo. Nenda kwa mwalimu ukatoe ushahidi kwanza. Akikukubali yeye, na mimi nitawasha moto."

Hata maji sikumpa. Alisema, "Sawa mama," akageuza ile baiskeli mbovu akaanza kuisukuma. Nilipogeuka nilimwona Mwavita amepiga magoti, anaukunja mkeka. Aliukunja polepole, akauweka ulipokuwa, hakuniangalia. Nami nikajiona nimefanya kazi yangu kwa makini. Nilijisifu, wanangu! Nilikaa jikoni najisifu.

Mwalimu hakuwepo, alikuwa ameitwa kwa mgonjwa kijiji cha pili. Kondo akamsubiri kwenye baraza la msikiti, katika baridi ile ya Kisarawe, mpaka aliporudi karibu na alfajiri. Mwalimu akamwuliza maneno mawili, akaridhika, ngoma ya msikiti ikapigwa. Idi! Ikawa kweli, mtoto wa watu aliuona mwezi.

Hapo ndipo nilipoanza kukimbia kama kuku. Kaanga vitunguu, tia nyama, koleza tanuri. Watu wanaoga, wanavaa, muda si muda watatoka kuswali. Nyama inafuka mvuke kwenye sinia, nami naipepea kwa kawa. Mwavita akasema taratibu, "Mama, bado ya moto." Ni neno nililomfundisha mwenyewe. Nikamwambia, "Jaza." Akajaza.

Mkate wa kwanza nilipougonga chini haukulia. Kimya, kama umegonga godoro. Hapo nikajua mambo yameharibika. Nikaurudisha, nikaongeza moto, juu ukaungua, ndani maji. Na yote ilikuwa hivyo hivyo. Watu wakaja barazani na nguo zao mpya, nikakata mbele yao, unga mbichi ukavutika na kisu mpaka nje. Wajukuu wa mwalimu wa misheni wakatazama vipande vyao, wakamtazama bibi yao. Bi Mwajuma, ambaye sasa naye alikuwa kikongwe, alikitia mdomoni akakitoa kwa heshima ndani ya kanga. Hata ulimi wake siku ile ulinionea huruma. Watu walikula kingo, wakaacha katikati, wakaniambia Idi njema.

Nilimletea Bi Sikudhani kipande chake. Akakishika, akakibonyeza kwa kidole, akajua. Hakuuliza habari ya mkate. Aliuliza, "Mkwe wetu yuko wapi, amekula?"

Mwavita ndiye aliyejibu. "Ameondoka, bibi. Amepita alfajiri, kasema hana njaa."

"Hakuingia ndani?"

"Hakuingia."

Yule mama aliyaelekeza macho yake yasiyoona upande niliposimama. "Tabu," akasema, "unafikiri mimi sikujua mwaka ule kwamba kaka yako kasikia tu? Mtu aliyeuona mwezi anasema nimeuona. Yeye alisema wameuona. Nilijua."

"Sasa kwa nini ulioka, mama?"

"Kwa sababu wewe ulikuwa nyuma ya mlango."

Nilikaa chini pale pale kwenye sakafu, na nguo yangu ya Idi. Maisha yangu yote nilidhani yule mama alidanganyika, na kwamba mimi nimekuwa hodari kuliko yeye. Alilichukua jina la Bi Mwezi miaka yote ile, akachekwa na watoto, ili mimi nisiinamishe kichwa nyumbani kwake. Na Mwavita wangu alikuwa hapo mbele yangu, ameinamisha chake.

Nikamwambia Athumani alete baiskeli. Unga ulikuwa umekwisha, duka limefungwa kwa sikukuu, sikuwa na namna ya kuoka mwingine. Nikachagua mkate uliokuwa na nafuu kidogo, nikaufunga kwenye kitambaa, nikapanda nyuma kwenye keria, mtu mzima mimi, mwanangu ananiendesha mpaka Zegereni. Vilima, mchanga, tunashuka, tunasukuma, tunapanda. Athumani hakunisemesha njia nzima, nami sikuwa na haki ya kumlaumu. Nilikuwa napanga maneno ya kuomba radhi, nayapanga, yanavunjika, nayapanga tena.

Tulifika alasiri. Mama yake Kondo alikuwa uani na wageni wake. Aliponiona alisimama, akawaacha wote. "Karibu mkwe! Karibu!" Akatandika mkeka, mpya, hata mikunjo haijatoka. Akanishikia maji mwenyewe. Hakuniuliza imekuwaje siku ya Idi nimeacha nyumba yenye wageni nikaja mbio na vumbi kichwani. Hakuuliza kitu.

Nikaanza. "Mkwe, nimekuja kwa sababu ya Kondo. Jana alipofika kwetu..."

Akanikatiza, anatabasamu. "Kondo katoka na wenzake, sikukuu hii, utampata wapi? Salamu zenu kanipa. Kasema mlimpokea vizuri sana, mkataka alale, yeye ndiye aliyekuwa na haraka ya kurudi."

Maneno yangu yote niliyoyapanga njiani yalikwisha. Akakifungua kile kitambaa mbele ya wageni wake, akakata, na nikamwona alivyoona ule unga mbichi umegandamana na kisu. Akatia mdomoni. Alitafuna muda mrefu, nami naangalia mkeka, natamani aukatae, natamani aniambie lolote baya. Akameza.

"Mkate mtamu, mkwe," akasema, akachukua kipande cha pili.